UZI: Darasa langu na darasa la Ankara tulivyopima dunia kwa mti wa fagio

ChakiNyeupe

Wakuu habari za saa hizi. Mimi ni mwalimu wa hesabu, sekondari ya kata huku Morogoro, jina la shule mniachie. Juzi kuna jamaa aliuliza eti haya mambo ya kuunganisha madarasa yetu na shule za nje kwa mtandao yana faida gani zaidi ya kupiga picha na wazungu, nikaanza kumjibu nikaona jibu linazidi kurefuka, bora nifungue uzi.

Naanza na aibu. Mara yetu ya kwanza tuliunganishwa na shule moja ya Ulaya. Nikaazima projekta, intaneti nikatoa kwenye simu yangu, watoto sabini na kitu wamebanana chumba kimoja wengine wanachungulia dirishani, wale wenzetu wakatokea ukutani. Salamu. Hali zenu? Nzuri, na nyie? Nzuri. Halafu kimya, kimya kile cha ukweni. Mwalimu wao kuona hivyo akaomba watoto wangu waimbe, wakaimba. Akaomba wacheze kidogo, wakacheza. Tulipotaka na sisi tuulize swali bando likakata. Wiki iliyofuata ikaja baruapepe ndefu inauliza tuna upungufu wa nini, kalamu au mipira. Sikatai kalamu jamani, na mipira ndo kabisa, lakini siku ile watoto walijifunza kitu ambacho hakuna mtu aliyekiandika ubaoni: sisi wa kuimba, wale wa kutoa. Nikasema hii hapana.

Baadae kwenye grupu moja la walimu nikakutana na mwalimu wa fizikia wa Ankara, Uturuki. Nikamwambia mimi sitaki vidio, sitaki msaada, nataka namba. Akauliza namba gani, nikamwambia urefu wa kivuli cha fimbo ya mita moja (kwetu mti wa fagio), saa sita mchana, tarehe 20 Machi. Akanijibu kwa sauti anacheka, alishajua naenda wapi.

Kwa wasiokumbuka: miaka zaidi ya 2,200 iliyopita kulikuwa na Eratosthenes, mzaliwa wa Kirene ambayo leo iko Libya, mkuu wa maktaba ya Alexandria. Alisikia kwamba kule Syene, ndo Aswan ya leo, ile siku ndefu kuliko zote za mwaka jua la saa sita linamulika hadi chini ya kisima, kivuli hakuna. Alexandria muda huohuo kivuli kipo, pembe yake nyuzi 7.2 (nyuzi za pembe, sio nyuzi za humu). Sasa 7.2 inaingia mara 50 kwenye duara zima, kwa hiyo umbali wa Alexandria hadi Syene ukiuzidisha kwa 50 umepata mzingo wa dunia. Basi, imeisha. Dunia nzima kaipima bila kutoka Misri.

Sisi tunachukua tarehe 20 au 21 Machi kwa sababu siku hiyo jua liko juu ya ikweta kabisa, na saa sita ya jua (yaani jua likiwa juu kabisa, sio saa ya ukutani) pembe ya kivuli chako inakuwa sawa na latitudo yako. Sisi tuko kusini ya ikweta kama nyuzi 6.8, Ankara wako kaskazini karibu 40. Unajumlisha, unachukua umbali wa kaskazini-kusini kwenye ramani, hesabu ya kidato cha pili kabisa. Lakini uzuri wake sio hesabu, uzuri ni kwamba namba yangu peke yake haina maana yoyote. Sentimita 12 za kivuli pale uwanjani kwetu ni takataka mpaka yule mtoto wa Ankara atume zake. Na za kwake ni takataka mpaka nitume zangu. Hapo hakuna wa kuimba wala wa kutoa.

Ntaendelea, napanga foleni ya maji.

Bando Limekata

Mkuu story nzuri ila tuwe wakweli. Shule ina matundu manne ya choo watoto mia saba, we unanunua bando kwa mshahara wako ukatafute kivuli cha Mturuki? Si bora hiyo hela ununue chaki. Hivi vitu huwa ni miradi ya watu kupata safari, mwisho wa siku mtoto anafeli hesabu vilevile.

Mzee wa Stempu

Bando, mjukuu wangu, hili jambo wala halikuja na bando. Sisi tulikuwa na marafiki wa kalamu, unaandika barua leo jibu linakuja baada ya miezi miwili, unaisoma mpaka inachanika kwenye mikunjo. Na walimu walishalifanyia kazi zamani sana. Ufaransa miaka ya 1920 kulikuwa na mwalimu wa kijijini anaitwa Célestin Freinet, pale Bar-sur-Loup, alinunua mashine ndogo ya kuchapa akaweka darasani, watoto wanaandika mambo ya kijiji chao wanachapa wenyewe wanatuma shule nyingine iliyoko Brittany, upande wa pili wa nchi, na wale wanatuma ya kwao ya bahari na uvuvi. Mwaka 1988 Wamarekani na Warusi bado hawaaminiani hata kidogo wakaunganisha shule za jimbo la New York na za Moscow kwa kompyuta, huo mradi ndo ukaja kuzaa iEARN, mtandao wa kuunganisha shule ambao leo uko nchi zaidi ya mia moja. Uganda hapo jirani Benki ya Dunia ilikuja na mradi wa kuunganisha sekondari, World Links, mwaka 1997, kipindi ambacho wengi wenu humu mlikuwa bado mnanyonya.

Kwa hiyo safari za vigogo zipo sikatai, lakini jambo lenyewe ni la walimu.

ChakiNyeupe

Mzee shikamoo, asante kwa darasa.

Bando swali lako ni la haki kabisa na choo ni matundu manne kweli, umejuaje? Ila kuhusu bando ngoja nikwambie tunatumia nini. Simu moja, ya kwangu. Wanafunzi hawaruhusiwi simu shuleni mnajua wenyewe. Hakuna vidio ya moja kwa moja hata siku moja. Ni picha mbili tatu, sauti fupifupi za WhatsApp na karatasi ya majibu niliyoipiga picha. Natuma usiku nikiwa nyumbani, asubuhi nakuta majibu, nawasomea. Ile siku ya kuimba na projekta niliunguza bando la wiki nzima kabla hata salamu hazijaisha. Kingine hatutumi sura za watoto, tunatuma picha za vivuli tu, mti wa fagio na rula. Tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu 2022 na hata ingekuwa haipo, mtoto wa mtu sio wangu kumrusha mtandaoni.

Sasa mwaka wa kwanza, 2024. Tuliboronga.

Kwanza muda. Tulipanga tupige simu ya sauti siku moja kabla, mazoezi tu. Uturuki tangu 2016 hawabadilishi saa, wako sawasawa na sisi dakika kwa dakika, nikajua hapo hatuwezi kukosana. Nikaandika "saa 9", nimeweka na namba nzuri kabisa. Mimi nimekaa ofisini saa tisa alasiri nasubiri, simu haiiti. Kumbe mwenzangu alipiga saa tatu asubuhi, kwake 9 ndo hiyo, mimi niko kidato cha pili nafundisha seti simu iko kabatini. Zile nchi ziko pamoja kwenye saa halafu Kiswahili kikatutenganisha masaa sita. Siku hizi naandika 15:00 kama tangazo la ndege.

Pili, siku yenyewe tukapima saa sita kamili ya saa ya ukutani, juu mawingu ya masika yanakuja yanaondoka. Tukapata sentimita 20. Wao wakapata 88. Tukaingiza kwenye hesabu, watoto wakafungua kile kitabu cha majedwali wakatafuta tanjenti (kivuli gawanya kwa urefu wa fimbo, ndo inakupa pembe), dunia ikatoka km 35,412. Yaani tuliinyonga dunia zaidi ya kilomita 4,500. Darasa likacheka mno, mmoja akasema labda imepungua mwalimu.

Mimi nilishajua kosa letu lakini nikanyamaza. Baada ya siku mbili ikaja sauti ya binti wa Ankara, Kiingereza chake cha kuokoteza kama cha kwetu, anasema wameangalia ile picha yetu yenye dira pembeni, kivuli hakielekei kusini sawasawa, kimekwenda upande wa magharibi, kwa hiyo jua lilikuwa bado halijafika. Tuliwahi. Jamani. Watoto wangu hawajawahi kusahihishwa na mtu asiye mwalimu wakashukuru, siku ile walishukuru. Halafu hapohapo wakataka kisasi.

Mama Swafaa

Nyinyi watu wa bara mnapenda kuhangaika. Saa sita ya jua mnaitafuta ya nini na kalenda ya msikitini imetundikwa ukutani? Adhuhuri haiingii mpaka jua lipinduke. Angalia wakati wa adhana siku hiyo, rudi nyuma dakika chache tu, hapo ndipo jua lilipo juu kabisa. Mabibi zetu wakijua kwa kivuli cha mnazi hawakuwa na dira wala WhatsApp.

ChakiNyeupe

Mama Swafaa umenifilisi 😂 ndo kilichotokea hichohicho. Mwaka wa pili nikawaambia watafute wenyewe saa sita ya jua ni saa ngapi kwetu, wengine wakaanza kupima kivuli kila dakika tano kuanzia saa tano na nusu wakiandika, mtindo sahihi kabisa, unatafuta kivuli kifupi kuliko vyote. Kijana mmoja wa nyuma hana habari akasema mwalimu mbona adhana inaingia saa sita na dakika arobaini kasoro hivi. Jibu lilikuwa saa sita na dakika 37. Sababu majira yetu ya saa yamepigwa kwa mstari wa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, sisi tuko magharibi yake, jua linachelewa. Ankara wako magharibi zaidi, kwao ikawa saa sita na dakika 56. Watoto walipoziweka hizo saa mbili ubaoni wakaona wenyewe kwamba jua limepita kwetu kwanza, dakika 19 baadae likafika kwa wenzao. Kitu hicho nimekifundisha miaka kumi kwa chungwa na tochi, sikuwahi kupata ile sauti ya "aaah".

Na kisasi kilipatikana. Wiki moja kabla wenzetu walituma picha ya majaribio. Kuna mwanafunzi wangu baba yake ni fundi ujenzi, kaitazama kidogo tu kasema ule mti umelala. Kweli, ukiulinganisha na pembe ya ukuta nyuma yake umeinama. Ndo maana mwaka ule walipata 88. Akawaeleza kwa sauti namna ya kutengeneza timazi kwa uzi na nati ya baiskeli, akaning'iniza ya mfano tukapiga picha. Mwalimu wao aliniambia kule wakaliita jina hilohilo, timazi, halafu wakagundua na wao fundi wao ana neno lake na kifaa ni kilekile.

Tarehe 20 Machi 2025, Alhamisi, mwezi mtukufu. Karibu nusu ya darasa wamefunga, wamesimama juani katikati ya uwanja, nikawaambia waliofunga wakae kivulini wakakataa katakata. Kwetu 12, Ankara 84. Tanjenti ya kwetu inatoa nyuzi 6.84, yao 40.03, jumla 46.87. Umbali wa kaskazini-kusini tuliotoa kwenye ramani km 5,180. Zidisha 360, gawanya. Km 39,787.

Mzingo wa dunia kupitia ncha zake ni kama km 40,008. Mti wa fagio, nati ya baiskeli na simu yenye kioo kilichopasuka.

Halafu mazungumzo yakaja yenyewe bila mtu kuyapanga. Kuna aliyeuliza mbona picha yenu kivuli kimeangukia kaskazini cha kwetu kusini, wakabishana nusu saa. Jioni Ankara wakauliza nyie mnafuturu nini, wakatumiwa sauti ya uji wa pilipili manga, mihogo na tambi, wao wakaleta picha ya mkate wao mpana wa Ramadhani unaitwa pide na supu ya dengu. Watoto wa kikristo kwangu nao wamo wanauliza mkate ule unauzwaje. Na Kiingereza walikuwa wanakiogopa kama nyoka, lakini kumbe ukiongea na mtu ambaye na yeye kimemshinda hofu inaisha, wote mnachechemea.

Baridi Kali

Mwalimu heshima yako. Mimi niko Minneapolis huku Marekani, mwanangu yuko darasa la sita. Miaka ya nyuma darasa la kaka yake walikuwa wanacheza ule mchezo wa Skype (programu ya simu za vidio), madarasa mawili hayajui mwenzake yuko nchi gani, mnaulizana maswali ya ndiyo na hapana tu mpaka mmoja agundue. Mna bahari? Mko kusini ya ikweta? Ulikuwa mtamu kweli. Skype yenyewe ilifungwa Mei 2025. Kwa Afrika Mashariki walikuwa hawapati mtu kwa sababu ya muda, nyie mkiwa darasani saa nne asubuhi sisi huku ni usiku wa manane.

Nilitaka kusema, nimesoma uzi nikaangalia latitudo yetu. Ni 45 kasoro kidogo sana. Ina maana Machi kivuli cha mita moja kwetu kitakuwa mita moja?

ChakiNyeupe

Baridi Kali umeona mwenyewe, fimbo na kivuli vinalingana kabisa, hapo hata kitabu cha majedwali hufungui. Na uzuri ni kwamba tofauti ya saa haituumizi, kila mtu anapima saa sita ya kwake, kinachohesabika ni umbali wa kaskazini na kusini tu. Sisi tutakuwa tumeshalala nyie ndo mnapima. Ila theluji ya Machi mtaifagia wenyewe.

OmenaKavu

Niaje walimu. Mimi nafunza junia skuli hapa Kisumu, gredi ya nane, hii kitu imenibamba sana. Swali langu ni moja, kwa nini mkimbilie Uturuki na sisi tuko hapa tu? Kisumu na Morogoro hakuna visa, hakuna hata shida ya lugha, watoto wangu wataongea Kiswahili na wenu, watachekwa lakini wataongea.

Bando Limekata

Hapo sasa! Hilo ndo swali. Nilikuwa nalisubiri.

ChakiNyeupe

Swali zuri na jibu lake ni la kihesabu, sio la kupenda vya nje.

Kisumu iko kama kilomita kumi tu kusini ya ikweta. Tarehe 20 Machi mti wako wa mita moja utakuwa na kivuli cha milimita moja au mbili, yaani hakuna, ndo kile kisima cha Syene chenyewe. Kati yako na mimi tofauti ni nyuzi 6.7 hivi. Sasa mtoto wangu akikosea sentimita moja tu, na atakosea maana ncha ya kivuli huwa ina ukungu, amekosea nusu digrii na zaidi kidogo. Hiyo kwenye 6.7 ni kosa la asilimia nane na kitu, dunia inavimba au inasinyaa kilomita zaidi ya elfu tatu. Kosa hilohilo kwenye 46.87 ni asilimia moja na kidogo. Kosa ni lilelile, mikono ni ileile, ila mwenzako akiwa mbali linamezwa. Eratosthenes mwenyewe alikuwa na nyuzi 7.2 tu, ndo ujue alikuwa mtu makini.

Kwa hiyo namtafuta mtu wa mbali kwa sababu ya umbali wake, umbali ndo kifaa. Shule nyingi zinaunganishwa halafu zinafanya kitu ambacho kila mmoja angeweza kukifanya peke yake, kuchora bendera, kusema chakula cha asili, ndo maana baada ya wiki mbili inakufa.

Lakini OmenaKavu nakutaka kwa kingine. Wale wa Ankara hawajawahi kuona mti wa saa sita mchana usio na kivuli. Wangu nao hawajaona siku hiyo. Wewe utatuma picha ya mti umesimama juani peke yake, hauna kivuli, mimi nataka kuona sura zao.

OmenaKavu

Sawa basi. Na hapo Maseno kuna ubao wa ikweta kando ya barabara, nitawapeleka wapime hapohapo, ni karibu. Septemba inafanya?

ChakiNyeupe

Inafanya, tarehe 22 au 23, na huku hakuna mawingu ya masika. Angalieni kitu kimoja: Septemba saa sita ya jua inawahi, tofauti na Machi kama robo saa. Kwetu itakuwa saa sita na dakika 22, kwenu kama saa sita na 34. Msiniulize kwa nini humu, anzeni kupima mapema kila dakika tano watoto waone wenyewe, halafu mtuulize sisi na Ankara kama tumeona hivyohivyo. Uturuki watakuwa ndo wamefungua shule wiki chache tu nyuma, darasa jipya hawajazoeana, kwa hiyo tuwe wapole nao. Mimi Oktoba na Novemba sipatikani, mitihani, hata mkinitumia kivuli cha mwezi sijibu.

Uandike 12:22, usiandike saa sita.

Bando Limekata

Mimi nina mdogo wangu anafundisha Tunduru. Kule ni nyuzi ngapi?

ChakiNyeupe

Kama 11. Kivuli cha Machi sentimita 19 na kitu. Ana mti wa fagio?

Bando Limekata

Fagio analo. Rula ndo sina uhakika.